Nimeachiwa rili za 16mm (upana wa mkanda) na babu, nataka kujifunza kutunza filamu za zamani. Nianzie wapi?

mtoto_wa_Nyalenda:
Wadau habari zenu. Niko Kisumu. Babu enzi zake alikuwa anaendesha gari ya sinema, zile zilikuwa zinazunguka mashinani wanatundika shuka nyeupe sokoni watu wanaona jioni. Alipoaga dunia, nyanya akanipa sanduku lake la bati, ndani ni makopo ya rili, mengine yameshika kutu hayafunguki bila bisbisi. Moja ukifungua inanuka vinega mpaka macho yanawasha, na mkanda umejikunja ukingoni. Zingine naona ziko sawa. Si kuuza nataka, na si kurekodi tu kwa simu nipost, nataka hii kazi yenyewe niijue. Kuna jamaa ako na projekta anasema tujaribu hiyo ya vinega kama bado inacheza.

fundi_wa_Nakuru:
Projekta ZII kabisa! Huo mkanda ni wa asiteti, aina ya plastiki, joto na unyevu zikiingia unatoa asidi, na asidi hiyo hiyo inazidi kuuoza, ikishaanza hairudi nyuma. Halafu mkanda unasinyaa, matundu hayakutani tena na meno ya mashine, hata asilimia 1 tu inatosha kurarua. Itenge leo leo na zile nzima, ule mvuke unaziambukiza. Kisumu na hilo joto la ziwa ni mbaya kuliko huku kwetu. Makopo ya kutu pia tupa, lakini andika kwanza kila kitu iko kwa lebo.

jakom_254:
si hizo za kitambo hulipuka moto bro

fundi_wa_Nakuru:
@jakom_254 hiyo ni naitreti, ya 35mm, Kodak waliachana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1950. 16mm yao tangu itoke 1923 ni base ya usalama, yaani plastiki isiyoshika moto haraka, juu ilikuwa ya manyumbani na mashule. Angalia ukingoni utaona wameandika SAFETY. Ukiona na vialama vya duara, mraba ama pembetatu, hiyo ni code ya mwaka mkanda ulitoka kiwandani, si mwaka wa kupiga picha, na inajirudia kila miaka 20 kwa hivyo usikimbilie kusema ni ya lini.

Atis_K:
Mimi ningeweka kwa frizi nisahau.

NyarLwak:
Frizi ni sawa lakini si hivyo tu @Atis_K. Mfuko wa plastiki juu ya mwingine, umefungwa kabisa, na ukitoa usifungue hadi kesho yake, la sivyo maji yatatanda kwa mkanda na hapo umeua.
Sasa kusoma: shule inajulikana ni ya L. Jeffrey Selznick, iko George Eastman Museum kule Rochester, New York, tangu 1996. Ni mbali na ni pesa, najua. Huku nyumbani ningeandikia Kenya National Archives pale Moi Avenue, Nairobi, niombe atachimenti, hata ya kupanga makopo tu. Na usingoje cheti. Tafuta rili ya kutupa ufanyie mazoezi, glovu za pamba, kioo cha kukuzia, ujifunze kuzungusha kwa mkono polepole na kuunga palipokatika. Kila rili iwe na karatasi yake: urefu, harufu, matundu yaliyoraruka. Rili ya futi 400 ni dakika 11 hivi ikicheza, kukagua ni nusu siku na mgongo utakuuma. Kuna pia vikaratasi vya bluu vinaitwa A-D strips, unaweka ndani ya kopo, asidi ikiwa nyingi vinageuka kijani halafu njano, pua isikudanganye.

mtoto_wa_Nyalenda:
Asanteni sana. Ya vinega nimeshaitoa iko store peke yake. Nimefungua nyingine nimeweka simu chini skrini nyeupe, naona watu wamepanga laini na ng'ombe, rangi yote imekuwa ya waridi. Hiyo ni asidi pia?

fundi_wa_Nakuru:
Hapana, hiyo ni dye, rangi za mkanda wenyewe, zimefifia, bluu na njano zimetangulia. Mkanda unaweza kuwa mzima kabisa, ukiskaniwa vizuri rangi inarudishwa kiasi. Shika ukingoni tu, upande usiong'aa ndio wenye picha.

mtoto_wa_Nyalenda:
Sawa mkuu. Na glovu za pamba hapa Kisumu zinapatikana wapi?

jakom_254:
duka za vifaa vya maabara, ama uliza wapiga bendi za shule 😂