Ndugu yangu amegeuka "yule wa baipola" kanisani, nifanye nini?

DadaWaNyalenda: Bwana asifiwe wapendwa. Ndugu yangu mdogo mwaka jana alipatikana na baipola (ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana) hapa Kisumu, akaanza dawa na saa hii ako sawa, analala vizuri, amerudi kwa kazi yake ya kutengeneza redio. Shida ni kanisani. Alikuwa anapiga kinanda kwaya ya vijana tangu akiwa na miaka 15, wakamwambia "pumzika kwanza", na miezi 7 imeisha. Akicheka sana wanaangaliana, akinyamaza wanauliza kama amemeza dawa. Jumapili nikamwona ameketi kiti cha nyuma, pambio ikaanza vidole vyake vikawa vinacheza juu ya goti, nikatoka nje nikalia. Niongee na mchungaji ama niache tu?

NesiKakamega: Pole sana dada. Mimi nafanya wodi ya akili na hilo jina la ugonjwa msilitupe, ndilo linatuambia tumpe dawa gani, na kama ni lithiamu lazima damu ipimwe mara kwa mara hata akijisikia poa. Lakini hilo ni la faili, likae kwa faili. Na asije mtu akamwambia aache dawa ndio aonyeshe imani, tafadhali!

Shemasi_Nakuru: Soma Marko 5 polepole. (Sisemi ndugu yako ana mapepo, baipola ni ugonjwa kama sukari.) Yule mtu wa mapepo aliyekaa makaburini watu walimjua kwa minyororo, Yesu akamuuliza jina. Halafu mstari wa 15 wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na ndipo wanaogopa! Hiyo hunishika kila nikiisoma, kwa sababu hata sisi tunamzoea mtu akiwa mgonjwa, akipona hatujui tumweke wapi. Yesu alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Enda kwa mchungaji, lakini enda na yeye, msimjadili akiwa hayupo.

Wa_Bungoma: Mimi niko na skizofrenia, nayo ni ugonjwa wa akili, mwaka wa 9 huu kwa dawa. Kuna mzee wa kanisa hapa kwetu akinisalimia huuliza kuku wangu wanataga aje, hajawahi niuliza dawa hata siku moja. Nikianza kuhisi vibaya usiku ni yeye huwa napigia simu kwanza.

DadaWaNyalenda: Asanteni jameni. Leo nimemuuliza mwenyewe anataka nini, kumbe sijawahi muuliza. Amesema Jumapili hata si lazima, arudishiwe tu mazoezi ya Alhamisi. Kesho jioni tunaenda kwa mchungaji sisi wawili.