Kifungua kinywa cha kula ndani ya basi la shule: nini kifuate baada ya andazi na juisi?

MamaWawili_Goba

Habari za kazi, wadau. Basi la shule linapita kwetu saa 11:40 alfajiri. Mkubwa ana miaka 8, mdogo minne na nusu. Saa hiyo hawali kitu, hata ukiwabembeleza. Njaa inawashika njiani, na uji wa shule ni saa 4:00. Kwa hiyo watakula ndani ya basi, mwendo wa karibu saa nzima. Kwa sasa wanabeba andazi na juisi ya boksi, na mwalimu anasema wakifika wanasinzia.

Ninachotafuta: kiliwe kwa mkono mmoja, kisichuruzike mafuta kwenye sare, na sehemu kubwa ya kazi iishe usiku. Nina jiko la gesi la plate mbili, jiko la mkaa na friji. Oveni sina.

mpishi_wa_shule

Dada, anza na chapati za maji zilizoviringwa na yai. Zinakidhi yote uliyoyataja.

Kwa chapati kama 10 za kikaango cha sentimita 20: unga wa atta kikombe 1, unga mweupe kikombe 1 (kikombe cha ml 250), mayai 2, maziwa au maji vikombe 2 na robo, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko 1 cha chakula, karoti 1 iliyokwaruzwa kwa matundu madogo. Karoti ya vipande vinene huchana chapati unapogeuza.

Koroga unga na mayai kwa nusu ya maziwa kwanza mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine yaliyobaki. Ukimimina yote mara moja, mabonge yataelea na hutayamaliza. Funika, acha dakika 30. Usiruke hatua hii, maana pumba za atta hunywa maji polepole, na rojo lisilopumzika hutoa chapati inayokatika katikati. Likizidi kuwa zito baada ya kupumzika, ongeza maji kidogo.

Kikaango kipate moto wa wastani, kipake mafuta kwa kitambaa au kipande cha kitunguu, usimimine. Theluthi moja ya kikombe inatosha chapati moja. Ukingo ukijiinua na juu kukiacha kung'aa, geuza. Upande wa pili dakika moja tu. Chapati ikiwa kama mpira, ama rojo lilikuwa zito au moto ulikuwa mdogo mno ikakauka taratibu.

Zipike usiku, zikipoa zipange kwenye kontena, weka friji. Alfajiri pasha kila moja nusu dakika kila upande. Kaanga yai 1 jembamba, liive kabisa, litandaze juu, viringa kwa kubana, kata vipande viwili. Siku ya haraka paka siagi ya karanga isiyo na sukari, tabaka jembamba.

Halafu jambo linaloharibu kazi nzuri: kufunga ikiwa ya moto. Mvuke hugeuka maji, chapati inateleza na kunata. Iache kwenye ungo au chekeche dakika 10, ndipo ufunike.

nesi_lishe

Naunga mkono yai. Kuhusu kusinzia, andazi ni unga mweupe, sukari na mafuta, na juisi ya boksi inaongeza sukari juu yake. Soma maandishi nyuma ya boksi: nyingi zina gramu 10 hadi 12 za sukari kwa kila ml 100. Badala yake mpe maji, tunda liliwe zima.

Lakini usiibebeshe andazi lawama yote. Mtoto wa miaka 8 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na wa miaka minne saa 10 hadi 13 ukijumlisha na wa mchana. Anayeamshwa saa 11:00 alfajiri awe amelala saa 2:00 usiku, la sivyo atasinzia hata akila vizuri.

Mayai ya kuchemsha: anza na maji baridi, yakichemka punguza moto, hesabu dakika 10, kisha yatumbukize kwenye maji baridi. Ukiona duara la kijani kuzunguka kiini, uliyachemsha kupita kiasi au uliyaacha yapoe kwenye maji ya moto. Yenye ganda hukaa friji wiki moja. Ukishamenya, liliwe siku hiyo hiyo.

Viazi lishe vya rangi ya chungwa ni hazina. Chemsha na maganda, vipoe kabisa, menya, kata vipande virefu vya unene wa kidole. Vitamini A yake inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue, hivyo yai au siagi ya karanga pembeni inafaa sana. Tunda: ndizi ndani ya ganda lake, au pera lililokatwa. Chungwa lililomenywa litamaliza sare.

Na chai ya rangi iondoe kwenye mlo huu. Inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka na maharage yasifyonzwe. Pera linafanya kinyume chake, linasaidia.

pwani_kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Mbona hamjataja mkate wa sinia? Huko kwenu mwauita mkate wa kumimina. Haukaangwi, haudondoshi mafuta, na hauhitaji oveni.

Mchele vikombe 2 uroweke usiku kucha, uchuje vizuri. Saga na tui zito kikombe 1 na nusu, hamira kijiko 1 cha chai na iliki, mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Sukari wengi hutia kikombe kizima. Kwa watoto tia robo kikombe na ndizi mbivu moja isagwe humo humo. Rangi itakuwa hafifu, ladha ipo. Acha iumuke kama saa moja, hadi iwe na mapovu juu. Piga ute wa yai 1 mpaka utoe povu, changanya taratibu.

Sufuria nzito ipakwe mafuta na ipate moto kwanza, ndipo umimine. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Tazama baada ya dakika 30. Choma kijiti, kikitoka kikavu umeiva.

Usipoumuka, tui lilikuwa la moto likaua hamira, au hamira ni ya zamani. Ukiumuka kisha ukabonyea na kuwa mchachu, umeuacha kupita wakati. Chini kumeungua na juu ni mbichi? Makaa ya chini ni mengi. Kata ukiwa umepoa kabisa, weka friji. Nazi na joto la pwani havipatani, usiulaze mezani.

mkulima_wa_ulezi

Mnausahau uji. Shida ya uji wa kubeba ni kwamba mzito haunyweki, na mwepesi hauna kitu ndani. Dawa yake ni kimea, yaani unga wa ulezi uliochipushwa.

Roweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3, suuza kila siku, vinginevyo unaota ukungu. Ukichipua anika ukauke kabisa, sugua machipukizi yatoke, saga. Tumia ulezi, usitumie mtama: machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.

Pika uji mzito: unga vijiko 6 vya chakula kwa maji nusu lita, dakika 15. Ipua, subiri mpaka mchemko utulie lakini kidole bado hakivumilii. Tia kijiko 1 cha chai cha kimea, koroga. Ndani ya dakika 5 hadi 10 unalegea wenyewe na kupata utamu. Kisha uchemshe tena dakika 5, kwa sababu kimea ni unga mbichi. Ukitia kimea kwenye uji unaotokota, hautalegea. Joto limeua kinacholegeza.

nesi_lishe

Mzee, shikamoo. Kimea umekieleza sawasawa, ila ndani ya basi uji uwe vuguvugu tu, kwenye chupa yenye mrija. Basi likipiga tuta na uji wa moto, mtoto anaungua.

Niongeze kuhusu unga wa lishe wa kuchanganya nafaka saba, soya na karanga. Soya ikisagwa mbichi inazuia usagaji wa protini tumboni. Ichemshwe au ikaangwe kwanza. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka, unga unachacha mapema, na punje moja yenye sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu) inaingia kwenye kila kikombe. Sumukuvu haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Chagua karanga moja moja, tupa zilizosinyaa au zenye ukungu, saga peke yake kidogo kidogo.

MamaWawili_Goba

Asanteni sana, nimepata kazi ya wiki nzima. Mawili yamebaki: huyu wa miaka minne na nusu anapenda karanga za kukaanga, naweza kumfungia? Na nifungie kwa kitu gani?

nesi_lishe

Karanga nzima hapana, mpaka apite miaka 5, na hata hapo si kwenye gari linalotembea. Inaingia kwenye njia ya hewa kirahisi mno. Siagi ya karanga iliyopakwa nyembamba ni salama. Bonge lake kwenye kijiko si salama, linanata kooni. Yai la kuchemsha mkatie vipande vinne, na apige funda la maji katikati, maana kiini ni kikavu. Ongea na matroni wa basi amkalishe karibu naye, ale ameketi wima.

mpishi_wa_shule

Gazeti usitumie, wino unahamia kwenye chakula chenye mafuta. Funga kwa karatasi ya kuokea, uikunje upande wa chini ibaki kama mfuko. Mtoto anakula huku akiichana kidogo kidogo na mikono haigusi chakula. Hakuna karatasi hiyo? Kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi, ndani ya kontena lenye kifuniko. Tia na kitambaa kingine chenye unyevu wa kufutia mikono. Kontena lenye vyumba viwili ni bora zaidi, pera lisilowanishe chapati. Kikirudi kipande jioni, tupa, usikipashe kwa ajili ya kesho.