Naomba ushauri: mama mdogo anadaiwa pesa ili aandikwe kwenye fidia ya Ituri

Ndugu zangu, hasa mnaoijua Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), nisaidieni. Mama yangu mdogo ni wa Kobu, kijiji cha huko Ituri. Februari 2003 mume wake aliuawa kule kwenye shamba la migomba, yeye akakimbilia porini na mtoto mgongoni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimtia hatiani Bosco Ntaganda, kamanda wa wapiganaji walioshambulia huko, mwaka 2019, akafungwa miaka 30, na mwaka 2021 majaji wakaagiza fidia ya dola milioni 30 kwa wahanga.

Sasa kuna mtu anapita kambini anataka dola 20 ili aliingize jina lake kwenye orodha. Nimemkataza asitoe hata senti, maana mhanga halipii haki yake. Lakini analia usiku, anaogopa kuachwa.

Hana cheti cha kifo. Amebaki na kadi ya ubatizo ya marehemu tu, imeliwa pembe, ameifunga kwenye kipande cha kitenge. Je, majirani wawili wakitoa ushahidi inatosha? Na yaliyompata yeye mwenyewe siku zile hajawahi kuwaambia hata wanawe. Atayaeleza kwa nani bila kambi nzima kujua?