Noeli ya lockdown kwa tulioko misheni nje, mwaka huu mnafanyaje?

Sista wa Songea · 19 Desemba 2020
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Niko Bavaria, Ujerumani, tuko masista watatu kutoka Tanzania, tunaishi na masista wazee wa Kijerumani na kazi yetu ni kwenye nyumba ya wazee. Kawaida tarehe 26 (huku nayo ni sikukuu) Watanzania tunakutana, masista, mapadri wanaosoma, na familia chache, linapikwa pilau, ngoma inapigwa mpaka majirani wanachungulia. Mwaka huu ndo hivyo tena. Toka tarehe 16 nchi nzima imefungwa kwa ajili ya korona, na huku Bavaria ikishafika saa tatu usiku hakuna kutoka mpaka saa kumi na moja alfajiri, hata mkesha wa Noeli hawajalegeza, kwa hiyo misa ya usiku tumeivuta mpaka saa kumi na moja jioni, watu wanajiandikisha kabla kama wanakata tiketi za basi la mkoani, na kuimba MARUFUKU. Kinanda kitalia, mmoja ataimba kule juu, sisi wengine kimya na barakoa zetu. Noeli bila kuimba jamani?? Serikali imeruhusu kukaribisha watu wanne toka nje kuanzia tarehe 24 hadi 26 ila wawe ndugu wa karibu, masista wa nyumba nyingine hawamo kwenye hesabu hiyo.
Naomba mawazo kwa mlioko misheni, mnapangaje? Na nyumbani mnawaambiaje, maana mama haelewi kabisa.

Mchungaji_Machame · 19 Desemba 2020
Bwana Yesu asifiwe sista. Afadhali nyie mna misa. Mimi ni wa KKKT, niko Westfalia, hapa hapa Ujerumani, kwa mabadilishano ya dayosisi, huku kanisa limeshauri sharika ziache ibada zote za kukutana mpaka 10 Januari, na wazee wa usharika wetu wamekubali. Mchungaji nakaa nyumbani Krismasi! Sijawahi kuona tangu nizaliwe. Tumerekodi ibada ya YouTube, ila nusu ya waumini wangu ni vikongwe, intaneti kwao ni hadithi, kwa hiyo tumefungua namba ya simu, bibi anapiga anasikia mahubiri ya dakika tano anakata. Pia tunazungusha mifuko ya karatasi, ndani mshumaa, Luka 2 kwa maandishi makubwa na biskuti. Unaning'iniza mlangoni, unabonyeza kengele, unarudi nyuma hatua tatu nne, mnaongea kwa kupaza sauti. Jana babu mmoja kanishikilia hapo nje robo saa nzima na baridi yote ile ananisimulia Krismasi za vita, sikuweza kuondoka.
Kuhusu kuimba, mimi nimelelewa na tarumbeta, kule Machame bila bendi ya matarumbeta sikukuu haijaanza, na hao hao Wajerumani ndo waliotuletea. Mtu mmoja na tarumbeta lake kwenye baraza lake sio mkusanyiko. Tarehe 24 jioni napuliza, wenye madirisha wafungue.

frateri_roma · 20 Desemba 2020
Huku Italia kuanzia tarehe 24 hadi 27 ni zona nyekundu, yaani masharti makali kabisa, ukitoka unabeba fomu umejaza mwenyewe unaenda wapi na kwa nini, kwenda kanisa la jirani inakubalika. Amri ya kutotoka inaanza saa nne usiku, hata misa ya Baba Mtakatifu imewekwa saa moja na nusu jioni na watu wachache. Sisi seminari tuko nyumba moja kwa hiyo tunakula pamoja, hatulalamiki sana. Sista ushauri wangu, pikeni hapo hapo nyumbani kwenu, maduka ya vyakula si yamefunguliwa? Ya Wahindi yana kila kitu, iliki, mdalasini, mchele mrefu.

Mdau wa Mbagala · 20 Desemba 2020
Rudini nyumbani wapendwa, huku hamna lockdown, makanisa yamejaa mpaka nje, barakoa tumeshasahau. Mnajitesa bure na baridi 😂

Sista wa Songea · 20 Desemba 2020
Kaka ungekuwa unafanya kazi ninapofanya usingecheka. Nimeosha wazee ambao wiki iliyofuata vitanda vyao vilikuwa vitupu, na watoto wao hawakuwahi. Sasa hivi mgeni ni mmoja kwa siku na lazima awe amepima. Kuna bibi chumba cha mwisho, binti yake anampigia kwa tableti, anaigeuza anatafuta binti yuko upande gani. Huyo siwezi kumwacha nikaja Mbagala kula ubwabwa, hata kama natamani.

elder_kutoka_kisumu · 21 Desemba 2020
Mimi ni misionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, niko Durban na mwenzangu. Hapa serikali imefunga beach siku za sikukuu, watu wanalia, sisi misheni haturuhusiwi kuogelea hata bila korona so hakuna tulichopoteza 😄 Kazi tunafanyia simu. Wale walitutangulia walikuwa wanapigia mama simu Krismasi na Siku ya Mama pekee, tangu Februari 2019 ni kila wiki, so kwa hilo mimi nimeshukuru sana. Sista mpigie mama video, umwonyeshe theluji, atatulia.

Sista wa Songea · 27 Desemba 2020
Nimerudi na mrejesho. Misa ilikuwa ya kimya kweli, watu wanavumisha sauti ndani ya barakoa, padri anajifanya hasikii. Ila nyumbani tuko kaya moja, kwa hiyo baada ya chakula tuliimba hadi tukachoka. Pilau lilipikwa, viungo vya Wahindi kama alivyosema frateri, masista wazee waliogopa pilipili ila sahani zilirudi tupu. Sasa kuna sista mzee mmoja alifanya kazi Peramiho, karibu na kwetu Songea, miaka ya sabini, siku hizi hata jina langu linampotea. Tulipoanza Kiswahili akadaka, beti zote, tena beti la tatu akatusimamisha, tunakosea! Akagonga meza tukaanza upya. Nikampigia mama katikati ya hapo, akaongea na yule sista Kiswahili cha Songea kabisa, wakasalimiana mpaka nikaomba simu yangu.
Lililobaki ni tarehe 6 Januari. Huku watoto wanavaa kama Mamajusi wanapita nyumba kwa nyumba wanaandika baraka kwa chaki juu ya mlango na kuchangisha kwa ajili ya watoto wa nchi maskini, mwaka huu hawapiti. Tunafunga bahasha, chaki na sala ndani, tutaziweka kwenye masanduku ya barua. Mchungaji, ile mifuko yenu mlipata wapi ya bei nafuu?

Mchungaji_Machame · 27 Desemba 2020
Duka la mkate karibu na kanisa walitupa bure, mwulize mwokaji wenu. Na tarumbeta lilisikika mtaa wa pili, kuna mtu amelalamika 😅