Wanyama wakionekana kwenye machimbo yaliyopandwa miti, ndiyo msitu umerudi?

Kipepeo wa Jioni
Wakuu, naleta hoja. Kampuni inachimba, inamaliza, inapanda miti, kisha tunaonyeshwa picha ya twiga na kiboko, tunaambiwa mazingira yamerejea. Kila mjadala wa hivi lazima Haller Park ya Bamburi, Mombasa, itajwe, ile hifadhi iliyooteshwa kwenye machimbo ya saruji. Mimi nasema twiga aliyeletwa hajarudi, ameletwa. Msitu umerudi siku mnyama anapokuja kwa miguu yake au mbawa zake. Mnasemaje?

Mzee wa Mapango
Hoja nzuri, umeiharibu kwa kejeli. Pale palikuwa shimo jeupe la matumbawe, limechimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 50, udongo hakuna, maji ya chumvichumvi. René Haller, yule aliyeirejesha, alipoanza kupanda 1971 alijaribu aina 26 za miti, zikapona tatu. Mvinje ndio ulioshika. Majani yake kama sindano yakarundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayala. Kinyesi cha jongoo ndicho kilichozaa udongo. Na jongoo aliletwa! Naye tumfute?

Saa Sita Usiku
Mvinje wenyewe si wa huku. Asili yake Asia na Australia. Mmepanda mgeni, mkauita msitu.

Binti Mwambao
Hayo makubwa! Babu yangu nyumba yake nzima boriti za mvinje, leo mti umekuwa mgeni. Mwembe nao umetoka Asia. Wewe ukila embe unaliomba pasipoti?

Saa Sita Usiku
Sijamgusa babu yako, dada. Kula embe ni jambo moja, kuita shamba la miembe msitu ni jambo jingine. Nimewahi kupita chini ya mivinje, kimya kama makaburini. Ndege gani atakuja kula koni kavu?

Binti Mwambao
Umepita mara moja ukawa mtaalamu. Hongera.

Mtunza Vitalu
Nipisheni kidogo. Mimi kazi yangu ni vitalu vya kurudishia miti kwenye machimbo, si hapo Bamburi. Tulisimika magogo makavu katikati ya uwanda mtupu ili ndege wapate pa kutua. Nikainama chini ya gogo moja: kinyesi cha rangi ya zambarau kimegandia kwenye jiwe, ndani mbegu za mkuyu ndogo kama chembe za mchanga. Hatua chache pembeni, hakuna kitu. Ndege anangoja atue ndipo anye, popo wa matunda ananya huku akiruka, kwa hiyo popo anafika mbali zaidi. Kwangu mnyama aliyerudi ni yule anayepanda.
Lakini msishangilie mapema. Wa kwanza kuja ni wale wanaoishi popote. Hondohondo jike hujiziba ndani ya tundu la mti akilalia mayai, dume anamlisha kupitia upenyo. Mti wa miaka 15 una tundu gani la kumtosha?

Mzee wa Mapango
Kwa hiyo Haller alipoteza muda wake?

Mtunza Vitalu
Nani kasema hivyo, mzee wangu? Mvinje umetengeneza kivuli na udongo, mingine ikaota chini yake. Palipo na udongo wa juu usihangaike hivyo. Kule Trombetas, Brazili, kwenye machimbo ya boksiti, mawe yanayotoa alumini, wanauweka kando kabla ya kuchimba kisha wanaurudisha, wanapanda miti ya asili mchanganyiko. Shimo la matumbawe udongo huo ungeutoa wapi?

Chura wa Bondeni
Mmemsahau Owen wa hapo hapo Haller Park, yule kiboko wa tsunami ya 2005 aliyelelewa na kobe. Mama kobe alimpenda kuliko kampuni zote.

Binti Mwambao
Desemba 2004. Na kobe anaitwa Mzee, ni dume.

Chura wa Bondeni
Dume akalea? Basi wanaume wa humu mjifunze.

Mzee wa Mapango
Tumeingiaje huku?

Kipepeo wa Jioni
Turudi. Narekebisha swali: nani anayehesabu hao wanyama? Kampuni ikijipima yenyewe, itatega kamera bwawani.

Mtunza Vitalu
Hapo umenena. Ila kaka wa makaburini, huo ukimya uliusikia saa ngapi?

Saa Sita Usiku
Saa saba mchana. Kwa nini?

Mtunza Vitalu
Komba hutoka usiku. Jina lako lenyewe lingekukumbusha.