Visukuku: mtu wa kawaida aruhusiwe kuokota na kuweka nyumbani?

Wadau, hili la visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, limetugawa nyumbani, nalileta kwenu.

Jumapili mpwa wangu alirudi South B kutoka matembezi upande wa Magadi, akiwa na kitu ndani ya pakiti ya sukari. Kipande cha kijivu, kizito kuliko umbo lake, na pale kilipovunjika kina vitundu vidogo kama vya mkate. Mfupa uliogeuka jiwe. Nilipogomba alinijibu, "Mjomba, ningekiacha mvua ingekisaga." Akaongeza kwamba Uingereza watu huokota visukuku ufukweni Lyme Regis mchana kweupe na kwenda navyo kwao.

Ni kweli. Hata Marekani, sehemu kubwa ya ardhi ya umma inaruhusu kuchukua makombe na majani ya kawaida yaliyogeuka mawe, kwa kiasi. Lakini mifupa, bila kibali, hapana. Kwetu Kenya sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 ni kali zaidi: kutafuta kunataka leseni, na ukikutana na kitu kwa bahati una siku 7 kuwaarifu Makumbusho ya Taifa, ueleze mahali hasa ulipokiona, nacho ukikabidhi.

Mimi naitetea. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mtafutaji wa visukuku, aliona kipande kidogo cha fuvu pale Nariokotome, Turkana. Kwa kuwa mahali palijulikana, wenzake walichimba na kuchekecha udongo, wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana, binadamu wa kale aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Kipande kile kingetiwa mfukoni, tungekuwa na nini leo?

Nilimuuliza mpwa wangu alikiokota wapi. "Karibu na mgunga, ukivuka korongo." Migunga ya kule nani ataihesabu?

Ninapokubaliana naye ni hapa: mpenzi wa fani hii hana mlango. Anaweza kwenda Olorgesailie, eneo la zana za mawe za kale kwenye njia ya Magadi, atazame, apige picha, basi. Kwa nini raia wasifundishwe kutembea na wataalamu, waache kitu kilipo, wapige picha na kuandika mahali, kisha jina la aliyekiona likae kando yake kwenye kabati la maonyesho? Na kwa nini kombe la konokono lihesabiwe sawa na fuvu?

Wanaotaka sheria ilegezwe, nijibuni hilo la Nariokotome kwanza. Alhamisi tunakipeleka kipande chetu Makumbusho, mpwa wangu atakibeba mwenyewe.