Mtamba wa Friesian au mashine ya soya? Naomba mawazo kabla ya Ijumaa

Kiamunyi_B: Habari zenu wadau. Niko Nakuru, na Ijumaa ni zamu yangu ya kupokea pesa za chama. Nimepata mtamba wa Friesian mwenye mimba kwa jamaa wa Rongai, anataka 160,000. Mke wangu amekataa. Tangu aone kwa jirani ndama akitolewa kwa mama yake siku ya pili, anasema maziwa hayo yana mwenyewe na si sisi. Anataka tununue mashine ya kusaga soya, tunywe maziwa ya soya na tuuze kiasi. Mimi nimelelewa kwa chai ya maziwa. Tuchukue lipi?

Nepia_Bahati: Ndugu, bado hujasema kitu. Shamba ukubwa gani? Maji? Nani atakata majani? Friesian mmoja anataka kama kilo 70 za majani mabichi kila siku, hata Krismasi.

MamaNyoyo_Kisumu: Na watoto wapo? Wa umri gani? Kama kuna wa chini ya mwaka, maziwa ya mama hayana mbadala, si ya ng'ombe si ya soya ya nyumbani.

Kiamunyi_B: Wawili, miaka 3 na 7. Robo ekari, kisima kipo. Majani nitanunua.

Nepia_Bahati: Majani ya kununua yatakumaliza. Subiri Januari na Februari jua likiwaka, uone bei ya nepia. Lakini ukipanda yako na ukaweka akiba, ng'ombe atakusomeshea watoto. Mimi nimesomeshwa na kiwele.

Sotet_Nandi: Mbona mnaongea kama kuna njia mbili tu? Kwetu ndama hunyonya kwanza, maziwa yakishuka unakamua chuchu mbili, mbili unamwachia. Ng'ombe wa kienyeji hata hashushi maziwa asipomwona mwanawe. Lita ni chache, ndiyo, lakini mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, ya nyumba inatosha na hakuna anayelia usiku. Nunua wa kienyeji au chotara, mgawane na ndama. Mama watoto atakuelewa.

Zamani_Njoro: Acheni niseme niliyoyaona. Nimefanya kazi kwenye shamba kubwa upande wa Njoro, silitaji. Zamu yangu ilikuwa ya ndama. Anazaliwa usiku, asubuhi naambiwa mtoe. Majike yanaingia vibandani, yanapewa dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, kwa ndoo yenye chuchu. Dume ni hesabu nyingine. Dume wa Friesian hujenga mifupa kwanza, nyama baadaye sana, na lita nne anazokunywa kwa siku ni lita nne ambazo hazikuuzwa. Basi anakuja mtu wa pikipiki, anawafunga miguu kwa kamba ya katani, anawatia kwenye gunia kichwa kikiwa nje. Wakingoja, nilikuwa nawapa vidole wanyonye. Ulimi wa ndama unakwaruza na una nguvu, unavuta mpaka mkono unaingia hadi kiganjani. Mama zao walisimama kwenye ua wakiita hadi sauti ikakauka. Sijanywa maziwa tangu niondoke pale, na asiniambie mtu kwamba huo ni utoto. Kiamunyi, huyo mtamba akizaa dume, utamfanya nini? Mjibu mkeo hilo kabla hujatoa pesa.

Nepia_Bahati: Pole, lakini shamba kubwa si robo ekari. Mimi dume namlea mwaka na nusu ndipo aende kwa mchinjaji. Na siku hizi kuna mbegu zilizochaguliwa jinsia, karibu 9 kati ya 10 ni majike. Bei yake tu ndiyo kali, na ng'ombe hashiki mimba kwa urahisi kama kwa mbegu ya kawaida.

Zamani_Njoro: Mbegu hiyo haigusi suala la mama na mwana. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na ili uendelee kukamua lazima azae tena na tena.

Msabato_Nyamira: Kanisani kwetu wako wengi wasiogusa nyama lakini maziwa wanakunywa kwa dhamiri safi. Wahindi wa Kisumu vilevile, nyama hapana, samli na mtindi kila siku. Mtu anaweza kuheshimu uhai bila kuacha maziwa.

Zamani_Njoro: Mabishano haya ni ya zamani. Mwaka 1944 kule Uingereza, Donald Watson na wenzake waliokuwa hawali nyama walianzisha chama chao wenyewe, cha watu wasiogusa hata maziwa, kwa sababu ya maziwa haya haya.

Muuguzi_Kakamega: Maadili mtamalizana wenyewe. Mimi naangalia watoto. Mkeo anaacha maziwa tu, au na mayai na omena pia? Hilo hujasema, na ndilo kubwa. Mimea haina vitamini B12 ya kutegemea. Mtu akiikosa muda mrefu anapungukiwa damu na miguu inakufa ganzi. Akila mimea tupu lazima ainunue duka la dawa. Kalsiamu pia, soya ya nyumbani inayo kidogo sana kuliko ya ng'ombe. Weka terere, sukuma, simsim.

Kiamunyi_B: Omena haachi. Amezaliwa Homa Bay.

Nepia_Bahati: Kwa hiyo samaki hana uhai?

MamaNyoyo_Kisumu: Usimbane hivyo. Ameanza na alichokiona kwa macho yake, na hiyo ni heshima kubwa. Kiamunyi, kabla ya mashine jaribuni na blenda. Loweka soya usiku kucha, toa maganda, uzitie kwenye maji yanayotokota ndipo usage. Ukisaga mbichi ile harufu ya maharagwe haitoki. Chuja kwa kitambaa, kisha chemsha tena vizuri. Kilo moja itakupa lita sita au saba.

Sotet_Nandi: Na chai je, haikatiki?

MamaNyoyo_Kisumu: Hukatika ukichemsha pamoja na majani. Pika chai ya rangi, epua, ndipo utie maziwa ya soya yakiwa moto. Tangawizi kidogo tu.

Nepia_Bahati: Kiamunyi, huyo jamaa wa Rongai amekuonyesha kadi ya chanjo na rekodi ya kupandishwa?